Nani Aliyetuhesabu? Hotuba ya Kaloleni kuhusu Kompyuta, VVU na Mipango ya Tiba

Hotuba hii niliitoa katika Ukumbi wa Kaloleni, hapa Nairobi, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, akina mama washauri wa kliniki, na wanafunzi wa hisabati na kompyuta. Waliokosa nafasi waliniomba niiweke yote, na ndiyo hii. Picha za ukutani nimeziacha. Waliokuwepo watakumbuka kwamba jua la dirishani lilizifuta zote, kwa hiyo hamkupitwa na kitu.

Hamjambo nyote? Mlio kule nyuma mnanisikia? Akina baba mliosimama mlangoni, ingieni, viti bado vipo. Wazee wetu wa mtaa huu, asanteni kwa kutupa ukumbi. Kuta hizi zilisikia siasa za uhuru kabla wengi wetu hatujazaliwa. Leo zitasikia habari za virusi na tarakilishi, na naomba zituvumilie.

Nina swali. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2018, ule wa KENPHIA, ulisema watu wazima wanaoishi na VVU hapa Kenya ni takriban milioni 1.3. Mmeisikia nambari hiyo redioni, mmeiona kwenye mabango. Je, nani aliwahesabu? Kuna mtu hapa aliyegongewa mlango na karani, akaandikwa jina, akaongezwa kwenye hiyo milioni? Naona watu wanacheka. Hakuna. Nyumba chache zilichaguliwa kwa bahati nasibu, watu wakapimwa damu kwa hiari yao, kisha hesabu zikafanywa kwa niaba ya sisi wengine wote.

Na kila mwaka baada ya hapo, wakati hakuna utafiti wa nyumba kwa nyumba, nambari mpya hutoka vilevile. Zinatoka wapi? Zinatoka ndani ya kompyuta. Kenya, kama nchi nyingi, hutumia programu iitwayo Spectrum. Mnailisha rekodi za kliniki za wajawazito, idadi ya wanaotumia dawa, matokeo ya tafiti za nyuma, idadi ya watu. Halafu inajenga nchi ya kuigiza, ambamo watu huzaliwa, huambukizwa, huanza dawa, huzeeka na hufa, mwaka baada ya mwaka. Ikishafanana na kile kilichopimwa kweli, mnaweza kuiuliza maswali ambayo nchi halisi haiwezi kujibu bila kuumia.

Kwa sababu fikirini, ndugu zangu. Ukitaka kujua itakuwaje dawa zikikatika miezi sita, una njia gani nyingine? Ni kuzikata uone. Nani atakubali?

Hapo ndipo thamani ya uigaji huu wa kompyuta, au modeli, ilipo. Kazi yangu ni hiyo, na leo sikuja kuwauzia. Nimekuja kuwaambia inavyofanya kazi, ilipowahi kutuokoa, ilipowahi kusema uongo bila kukusudia, na kwa nini nyinyi mlioko hapa mna haki ya kuihoji kuliko mnavyodhani.

Tuanze ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, madaktari walikuwa na fumbo. Mtu anaambukizwa, halafu anakaa miaka, mara nyingi kama kumi hivi, bila kuugua sana. Kiwango cha virusi katika damu yake hakibadiliki sana. Leo hivi, mwezi ujao hivyohivyo. Wengi wakadhani virusi vimelala. Kama vimelala, kuna haraka gani ya kuvipiga?

Sasa niambieni, nani hapa hununua mboga Marikiti? Ukifika saa kumi na mbili asubuhi unakuta umati. Ukirudi saa mbili, umati ni uleule kwa macho. Lakini ni watu walewale? Wale wa kwanza wameshapanda matatu na magunia yao, wako Kawangware wanapanga nyanya. Soko halijalala hata kidogo. Wanaoingia ni wengi kama wanaotoka, basi.

Utajuaje kwamba hivyo ndivyo ilivyo ndani ya damu? Unafunga lango la kuingilia, kisha unatazama soko linavyopungua. Na ndivyo walivyofanya. Mwaka 1995 timu ya David Ho kule New York, na timu nyingine ya George Shaw huko Alabama, zilitangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa dawa mpya zenye nguvu na kufuatilia virusi vikishuka. Mwaka uliofuata Ho na Alan Perelson walirudi na jambo la kina zaidi. Perelson ni mtu wa hesabu. Anafanya kazi katika maabara ya Los Alamos, New Mexico, palepale lilipotengenezwa bomu la atomiki. Nalitaja hilo kwa sababu huwa linanishangaza: watu wa hesabu zilezile, penseli zilezile, wakageukia damu ya binadamu.

Wagonjwa walikuwa watano tu. Watano! Walipewa dawa iitwayo ritonavir, inayozuia virusi vipya kukomaa. Kisha wakatolewa damu kila baada ya saa mbili hadi saa ya sita, baadaye kila saa sita hadi siku ya pili, halafu kila siku hadi siku ya saba. Hebu fikirini uvumilivu wa wagonjwa hao. Mistari iliyotokana na damu yao ikawekwa kwenye milinganyo mitatu: mmoja wa seli zenye afya, mmoja wa seli zilizoambukizwa, mmoja wa virusi vyenyewe. Jibu likatoka kwamba nusu ya virusi vilivyomo kwenye damu huondolewa kila baada ya saa sita hivi. Seli iliyoambukizwa huishi siku mbili na kidogo. Na mwili wa mgonjwa mmoja hutengeneza virusi zaidi ya bilioni 10 kwa siku.

Bilioni 10. Kwa siku. Katika mtu anayeonekana mzima, anayeenda kazini, anayecheka nawe kwenye foleni ya maji.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu nambari hii ndiyo inayojibu swali mnaloulizwa kila wiki vijijini na mitaani: kwa nini dawa ziwe tatu kwa pamoja? Virusi hivi vina maandishi ya vinasaba ya herufi kama elfu kumi, na kila vinapojinakili hukosea mara kwa mara. Piga hesabu ya makosa hayo kwa bilioni 10 kwa siku, utaona kwamba karibu kila kosa linalowezekana la herufi moja hutokea kila siku, ndani ya mtu mmoja. Kati ya makosa hayo, lipo lile linaloifanya dawa moja isifanye kazi. Kwa hiyo ukimpa mtu dawa moja, virusi sugu tayari vipo vinasubiri. Ukimpa tatu kwa pamoja, kirusi kilekile kimoja lazima kikosee kwa bahati mahali patatu kwa wakati mmoja. Hapo hesabu inageuka upande wetu.

Na ndiyo sababu mtu anayemeza leo na kuacha kesho yuko kwenye hatari kubwa. Si suala la ukaidi kwa daktari. Siku alizoacha, lango limefunguliwa.

Mwaka 1996 jarida la Time lilimtangaza Ho kuwa mtu wa mwaka. Sisi hapa Nairobi mwaka huo tulikuwa tukizika. Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na dawa zilibaki za mwenye pesa hadi baada ya Bunge kupitisha sheria ya haki miliki za viwanda mwaka 2001, iliyofungua mlango kwa dawa za bei nafuu. Hesabu ilikuwa tayari, dawa zilikuwepo, na watu wakafa kwa sababu ya bei. Wanafunzi wa hisabati, liwekeni hilo akilini: hakuna mlinganyo uliokosekana hapo.

Turudi kwa Perelson na Ho. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 1997 walipiga hesabu nyingine. Baada ya kushuka kwa kasi, virusi huendelea kushuka polepole, maana zipo seli zinazoishi muda mrefu zaidi. Wakakadiria: mgonjwa akitumia dawa zinazozuia virusi kabisa, huenda virusi vyote vikaisha mwilini kwa miaka 2.3 hadi 3.1. Mnaweza kufikiria furaha iliyokuwepo? Miaka mitatu ya vidonge, halafu uko huru!

Haikuwa hivyo. Wenyewe walikuwa wametahadharisha kwamba huenda kuna maficho ambayo hawajayaona, na maficho yalikuwepo. Timu ya Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilionyesha kwamba kuna seli za kinga zinazolala na virusi ndani yake bila kufanya lolote, na dawa haiwezi kugusa virusi visivyojinakili. Walipopima kasi ya kupungua kwa maficho hayo, mwaka 1999, hesabu ikasema itachukua zaidi ya miaka 60 kuyamaliza. Kutoka miaka mitatu hadi sitini.

Je, modeli ya 1997 ilikuwa mbovu? Mimi nasema hapana. Ilisema jambo la wazi kiasi kwamba mtu mwingine aliweza kwenda maabara na kulipinga. Modeli ninazoziogopa ni zile zinazosema maneno laini kiasi kwamba hakuna kitakachoweza kuzikosoa. Lakini jueni pia kwamba kompyuta haikuona maficho kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba maficho yanaweza kuwa na ukubwa huo. Kisichowekwa ndani hakitatoka. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa tutoke ndani ya mwili, tuingie nchini.

Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo Wakenya wenzetu, walichapisha katika jarida la Lancet uigaji uliotumia Kenya kama mfano. Swali lao lilikuwa la mama wa nyumba mwenye bajeti ndogo: hizi pesa tulizonazo, tuzigawe sawa kila mahali, au tuzipeleke zaidi kwa watu na sehemu zilizolemewa? Kompyuta ikajaribu yote mawili kwa miaka kumi na mitano ya kuigiza. Jibu: fedha zilezile zikielekezwa pale penye moto zaidi, maambukizi mapya yanapungua zaidi. Mwaka huohuo mpango wa taifa wa kinga ukagawa kaunti kwa makundi, kwa sababu kaunti 9 kati ya 47 zilikuwa zikibeba karibu thuluthi mbili ya maambukizi mapya.

Ukiangalia utafiti wa 2018 utaelewa. Wanaoishi na virusi: Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima. Kisumu 17.5. Siaya 15.3. Migori 13. Halafu kuna kaunti za kaskazini mashariki ambako haifiki hata asilimia 1. Nani atagawa sawa?

Lakini ngojeni. Nina jambo la kusema hapa, na wenzangu kazini hawalipendi. Mama mjamzito wa Wajir aliye na virusi yuko peke yake zaidi kuliko mama wa Homa Bay. Kliniki iko mbali, mshauri wa rika hayupo, aibu ni nzito kwa sababu hamjui mwingine. Modeli ikiambiwa "punguza maambukizi mengi iwezekanavyo kwa shilingi hii," itampita mama huyo bila kumwona. Haina ubaya naye. Haikuambiwa amhesabu kwa uzito wake. Ungeiambia "hakikisha hakuna mtoto anayezaliwa na virusi popote Kenya," ingechora ramani nyingine kabisa. Kompyuta ni ileile, data ni ileile. Kilichobadilika ni swali, na swali huandikwa na mtu aliyeketi ofisini. Je, mliwahi kuulizwa swali liwe lipi?

Kimya. Basi.

Hadithi inayofuata inagusa kazi yenu moja kwa moja. Mwaka 2009 timu ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Reuben Granich ilichukua takwimu za Afrika Kusini ikaiuliza kompyuta swali la kishujaa: vipi kila mtu mwenye miaka 15 na zaidi akipimwa kila mwaka kwa hiari, na kila anayekutwa na virusi akaanza dawa papo hapo, hata kama hajaugua? Wakati huo mtu alisubiri CD4, yaani seli zake za kinga, zishuke kwanza. Mnakumbuka? "Rudi nyumbani, bado hujafika kiwango." Watu waliambiwa hivyo, na wengine hawakurudi tena.

Kompyuta ilijibu kwamba ndani ya miaka kumi maambukizi mapya yangeshuka chini ya mtu 1 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wapo waliosema ni ndoto ya watu wa hesabu. Mwaka 2011 ukaja utafiti wa HPTN 052, jozi 1,763 za wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, katika nchi tisa na Kenya ikiwemo. Anayeanza dawa mapema alipunguza kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Ndoto ikapata miguu.

Basi ikajaribiwa katika jamii halisi. Mmoja wa majaribio hayo, SEARCH, ulifanyika huku kwetu magharibi mwa Kenya na Uganda, jamii 32, kuanzia 2013. Walifanya kwa akili sana: hawakuita watu "njooni mpimwe UKIMWI." Waliweka kambi za afya ambapo unapimwa presha, sukari, malaria, na VVU humohumo. Wanaume wakaja! Katika jamii zilizopata huduma hiyo, maambukizi mapya yalishuka kwa asilimia 32 katika miaka mitatu, na vifo miongoni mwa wenye virusi vikawa vichache kuliko katika jamii za kulinganisha. Ila upande wa maambukizi, tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana, kwa sababu katikati ya utafiti mwongozo wa tiba ulibadilika na jamii za kulinganisha nazo zikaanza kupata dawa mapema. Kenya yenyewe ilianza kumtibu kila anayepatikana na virusi mwaka 2016.

Asilimia 32 ni nyingi. Ni watu. Lakini sivyo ile modeli ilivyoahidi, na kwa nini? Kwa sababu mle ndani ya kompyuta kila mtu hupimwa kila mwaka. Kompyuta haina kijana wa mjengo anayelala Mukuru leo na mwezi ujao yuko Kitengela kwa kazi nyingine. Haina dereva wa lori la Malaba. Haina binti wa dukani ambaye msimamizi wake humkata mshahara wa siku nzima akiomba saa mbili za kliniki. Nyinyi mnaye. Mna majina yao, mna simu zao zilizozimwa, mnajua dada yake anauza wapi mtumba. Mhudumu anayemtafuta mtu aliyepotea kliniki akampata, anaujua ukweli ambao modeli nzuri kuliko zote itaulipia pesa nyingi.

Ndiyo maana modeli za siku hizi zinajaribu kuiga mtu mmoja mmoja, kila mmoja na umri wake, wenzi wake, safari zake. Hilo limefanywa kwa kaunti za Nyanza. Wanafunzi, kazi ipo. Lakini mtu huyo wa kuigiza mtamtoa wapi kama si kwenye daftari la mama aliyeketi kiti cha mbele?

Wanafunzi niwape lenu haraka, maana najua mlikuja mkitarajia kompyuta kubwa. Zipo. Kuna uigaji wa atomu kwa atomu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliiga mwendo wa kimeng'enya ambacho virusi hutumia kujichomeka ndani ya vinasaba vyetu, wakaona kijishimo ambacho picha tuli hazikukionyesha. Oktoba 2007 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza inayozuia kimeng'enya hicho, raltegravir. Kidonge ambacho wengi wenu mnakitumia au kukigawa sasa, DTG, yaani dolutegravir, ni ndugu yake mdogo. Na mwaka 2013 kompyuta ya Blue Waters kule Illinois ilisaidia kupata umbo kamili la ganda la ndani la virusi, atomu milioni 64. Ganda hilohilo ndilo linalolengwa na lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 ilijaribiwa kwa wanawake vijana Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Naona macho yamefunguka. Tutarudi hapo kwenye maswali.

Nimeitaja DTG. Hadithi yake hapa Afrika inastahili kusimuliwa kwa sauti, na hasa mbele ya akina mama.

Mei 2018, watafiti wa Botswana walitoa tahadhari. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakitumia dolutegravir walipopata mimba, watoto 4 walizaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Wanne. Je, ni dawa au ni bahati mbaya? Hakuna aliyejua. Nchi nyingi zikaogopa, na ni haki kuogopa. Hapa kwetu wanawake wa umri wa kuzaa wakaelekezwa wabaki kwenye dawa ya zamani, efavirenz, wakati wanaume wakihamishiwa dawa mpya yenye madhara machache na inayoshusha virusi haraka.

Nani aliwauliza wanawake wenyewe? Ilibidi wajiulize wao. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na virusi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakatoa tamko: tupeni habari zote, tupeni uzazi wa mpango, halafu tuachieni tuchague. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na hoja: mnahesabu hatari kwa mtoto ambaye hajatungwa, mbona hamhesabu hatari kwa mama, na kwa mtoto atakayeambukizwa kwa sababu virusi vya mama havikushuka?

Hoja hiyo ni modeli, wapendwa. Ni modeli kamili, imekosa nambari tu. Nambari zikaja. Timu ya Andrew Phillips wa University College London iliweka pande zote mbili za mizani kwenye uigaji: kasoro za watoto upande mmoja, upande wa pili vifo vya akina mama, usugu wa dawa, watoto na wenzi walioambukizwa. Jibu likawa kwamba hata ukichukulia hatari ile ya Botswana kuwa ya kweli, kuwapa wanawake dawa mpya kulileta afya zaidi kwa ujumla. Kufikia 2019 takwimu za Botswana zenyewe zilikuwa zimeshuka hadi watoto 3 kwa kila 1,000, dhidi ya 1 kwa 1,000 kwa wengine, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo.

Wanawake wa Kigali walikuwa wametangulia kwa mwaka mzima.

Nimalizie na hili tunaloishi sasa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, timu tano za uigaji ziliulizwa: tiba ya VVU ikikatika miezi sita Afrika kusini mwa Sahara, itakuwaje? Jibu lilikuwa zaidi ya vifo 500,000 vya ziada. Je, vilitokea? Havikutokea. Watu wakasema, mnaona, waongo hawa. Lakini nyinyi mnakumbuka mlichofanya? Mligawa dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Mlipeleka mikebe majumbani. Tiba haikukatika miezi sita, basi jibu la swali la "ikikatika" halikuwa na haja ya kutimia. Ukionywa kuna shimo ukalizunguka, utamrudia aliyekuonya umtukane?

Januari 2025 fedha za Marekani zikasimama. Baadhi yenu hapa mlipokea barua, au hamkupokea hata barua. Miezi michache baadaye jarida la Lancet HIV likachapisha makadirio ya nchi 26: fedha za kimataifa zikipungua na zile za Marekani zikisimama kabisa, maambukizi mapya ya ziada kufikia 2030 yatakuwa kati ya milioni 4.4 na milioni 10.8. Mtu anauliza, mbona pengo ni kubwa hivyo, hawa wanajua au hawajui? Pengo ndilo unyofu wao. Hakuna ajuaye pengo la pesa litazibwa kiasi gani, wala na nani.  Kati ya 4.4 na 10.8 kuna bajeti ya Kenya, kuna kaunti yetu ya Nairobi, kuna kikao ambacho hamkualikwa.

Na kuna jambo linalonikosesha raha kuliko nambari zenyewe. Walioachishwa kazi wa mwanzo ni akina nani? Makarani wa rekodi. Wafuatiliaji. Waliojaza mafaili ya CCC, zile kliniki za huduma ya VVU, na kuyaingiza kwenye kompyuta. Modeli ya mwaka kesho italishwa nini? Mgonjwa akitoweka na karani hayupo, faili inabaki inasema yuko kwenye dawa. Kompyuta itaamini. Grafu itapendeza. Ofisini watashangilia.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na ni la kazi. Kaunti ikitangaza makadirio na mipango, nendeni kwenye ule mkutano wa maoni ya umma wa bajeti, sheria inawaruhusu. Ulizeni nambari hii ilitokana na rekodi za mwaka gani. Ulizeni ni watu gani hawakuwemo. Ulizeni kompyuta iliulizwa swali lipi. Atakayewajibu "ni mambo ya kitaalamu, mama, hutaelewa," mwambieni mmeshaelezwa Kaloleni, na aendelee. Wanafunzi, nendeni nao mkaisome hiyo milinganyo, wao wawaonyeshe madaftari.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia kwa jicho lile. Naona mkono wa mama pale nyuma umekuwa juu tangu nilipotaja sindano. Mama, tuanze na wewe. Mpeni kipaza sauti.